Tathmini: Hurricane Mk I ya plastiki, skeli ya 1/48. Kitambaa kimewambwa au kimelegea?

#1 – FundiFito

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za wikendi.

Niliahidi kuleta tathmini ya ndege niliyokuwa naiunganisha, na juzi usiku nimeimaliza. Ni Hawker Hurricane Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, nakala ya plastiki ya skeli ya 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ya kweli), ile ya mabawa ya bati. Aliniletea shemeji yangu aliporudi likizo kutoka Uingereza. Jina la kiwanda sitalitaja. Nimefungua sanduku moja tu, na kasoro ya sanduku moja sitaki igeuke hukumu juu ya watu ambao masanduku yao mengine sijayaona.

Nianze na ndege yenyewe, maana huwezi kupima nakala kama asili yake huijui. Hurricane ilisanifiwa na Sydney Camm wa Hawker, ikaruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935 pale Brooklands, na Desemba 1937 ikaingia kazini katika kikosi cha 111 cha jeshi la anga la Uingereza. Ukimtajia mtu mapigano ya anga ya mwaka 1940 juu ya Uingereza atakujibu Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza. Lakini zaidi ya nusu ya ndege za Kijerumani zilizoangushwa na marubani wa kivita wa Uingereza katika mapigano yale ziliangushwa na Hurricane.

Mimi ni seremala, na kilichonivuta kwa ndege hii ni mifupa yake. Kutoka puani hadi kwa rubani imevikwa bati. Nyuma ya rubani ni habari nyingine kabisa: kuna mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa bolti na riveti, juu yake mbao zilizokatwa kufuata umbo, juu ya mbao fito ndefu nyembamba zinazoelekea mkiani, kisha kitambaa cha kitani kimewambwa juu ya vyote na kupakwa vanishi ya kukikaza. Aliyewahi kusimamisha nyumba ya fito, akaitazama kabla haijakandikwa udongo, ameshaiona Hurricane kwa ndani.

Kwa hiyo nilipofungua sanduku nilikuwa na swali moja: aliyechonga kalibu hii alijua bati linaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi? Idadi ya vipande, picha nzuri ya sanduku, vyote hivyo nilivitazama baadaye.

Upande wa bati jibu ni ndiyo, tena ndiyo kubwa. Mistari ya maungio ni myembamba, vifungo vya vifuniko vya injini vipo mahali pake, na ukipitisha kucha unahisi tofauti kati ya kifuniko kinachofunguliwa na bati lililopigwa riveti moja kwa moja.

Upande wa kitambaa ndipo nilipohuzunika. Kati ya fito na fito plastiki imezama kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Wakuu, kitambaa kilichowambwa hakifanyi hivyo. Kitazame kama ngozi ya ngoma: imekazwa, ukiigonga inalia. Juu ya fito kinainuka kidogo, na baina ya fito mbili kinakwenda karibu bapa. Nilichukua kalipa nikapima kina cha bonde lililokuwa baya zaidi, nikapata kama milimita 0.3. Zidisha mara 48: milimita 14 na ushei. Kitambaa cha ndege ya kweli kikizama karibu sentimita moja na nusu kila baina ya fito, ndege hiyo inarudishwa kwa mafundi kabla haijagusa anga.

Dawa nimeipata, lakini ni ya jasho. Nilipaka praima nzito mara mbili sehemu hiyo tu, nikaiacha siku nzima ikauke, kisha nikapiga msasa namba 800 kwa urefu wa fito, si kwa kukatisha. Ukikatisha unaua vilele na mabonde yanabaki. Nilirudia hadi fito zikawa zinaonekana tu pale taa inapopiga kwa ubavu.

Vipimo. Upana wa mabawa ya Hurricane ni mita 12.19, kwa hiyo kwenye 1/48 unapaswa kupata milimita 254. Nilipata 253 na nusu. Urefu ulitakiwa kuwa karibu sentimita 20 na umefika. Bunduki nane za Browning, nne kila bawa, zimekaa kwa kubanana kama inavyotakiwa. Huo ni utambulisho wa Hurricane, maana za Spitfire zimetawanyika. Bawa ni nene kwenye shina, na hilo ni sahihi, msilipige msasa mkidhani ni kosa.

Chumba cha rubani kimenifurahisha kuliko kitu kingine chochote ndani ya sanduku. Hurricane haina sakafu. Rubani aliweka miguu kwenye vibao viwili vya kukanyagia, na chini yake ni uwazi na mabomba hadi tumboni. Akidondosha penseli, imekwenda. Seti nyingi za zamani ziliweka sakafu bapa kama ya basi. Hii imeacha uwazi, imeweka mabomba pande zote, na kiti kinaning'inia kwenye fremu yake. Nilikaa na taa ya mkononi nikikitazama kabla sijafunga mwili wa ndege.

Rejeta ya tumboni ni nzuri, na ule mduara wa kupozea oili upo katikati yake. Pangaboi zimo mbili, ya de Havilland na ya Rotol, kila moja na kofia yake. Vioo ni vinene. Milimita moja ya plastiki ni sawa na karibu sentimita 5 kwenye ndege halisi, na ukikifunika kioo, kile chumba kizuri kinaonekana kama kipo ndani ya maji. Mimi nimekiacha wazi.

Maungio: mwili umefungana bila fila (rojo la kuzibia nyufa) hata tone. Shina la bawa la kushoto limeniachia mwanya wa unene wa kucha. Sababu niliigundua nilipobandua: vipande vimebanwa kwa hesabu kali kiasi kwamba rangi ya ndani iliyogusa uso wa gundi inatosha kusukuma bawa nje. Kwangueni rangi yote kwenye nyuso za kuunganishia kabla ya gundi. Kulia nilifanya hivyo na mwanya haukuwepo.

Kwa ujumla nimeridhika nayo. Nusu ya mbele imefanywa na mtu aliyeijua ndege. Nusu ya nyuma inahitaji mkono wako.

Maswali karibuni.

#2 – Sauti ya Changamwe

Fundi, asante sana kwa uzi huu. Hapo kwenye ngoma umenifungua macho, nimetoka kuitazama yangu ya 1/72 na mbavu zile zile zipo.

Niulize jambo moja. Sisi huku tunaishi jirani na uwanja wa Port Reitz, ambao siku hizi ni uwanja wa kimataifa wa Moi, nao ulijengwa wakati wa vita hivyo hivyo. Marehemu babu alikuwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alikwenda Somalia mwaka 1941. Je, hii Hurricane yaweza kutengenezwa iwe mojawapo ya zile zilizoruka kutoka Kenya? Natamani kuiweka karibu na picha yake.

#3 – NyukiTanga

Shikamoo fundi. Mimi sijawahi kuunganisha hata moja. Dukani mtandaoni naona 1/72 na 1/48, na moja ina vipande mara mbili ya nyingine. Nianze na ipi?

#4 – FundiFito

Marahaba NyukiTanga. Vipande vingi si ubora. Seti inaweza kukata kifuniko cha injini vipande sita ili uweze kukiacha wazi, na wewe unayetaka kukifunga umenunua maungio sita ya kuhangaika nayo. Kwa mikono inayoanza chukua 1/48 yenye vipande vichache. Ile ndogo ni nafuu, lakini bomba la bunduki la 1/72 likiruka kutoka kwenye kibanio hulipati tena.

Sauti ya Changamwe, Mungu amrehemu babu. Inawezekana, na nakushauri uifanye. Vikosi vya Afrika Kusini vilirusha Hurricane katika vita ile dhidi ya Waitalia, vikiunga mkono majeshi yaliyotoka Kenya: Kismayu ilichukuliwa tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Babu yako alipokuwa akitembea mchangani, Hurricane zilikuwa juu yake.

Kuna kisa kimoja cha kikosi cha 3 cha Afrika Kusini ambacho kilinijia kichwani kila nilipogusa kile chumba cha rubani. Tarehe 15 Machi 1941 kapteni John Frost alipigwa na mizinga ya ardhini alipokuwa akishambulia uwanja wa Diredawa, Ethiopia, akalazimika kutua eneo la adui. Luteni Kershaw akashusha Hurricane yake palepale, Frost akamkalia mapajani, wakapaa wakiwa watu wawili kwenye kiti cha mtu mmoja. Frost alishika usukani, Kershaw akashughulikia magurudumu na flapu. Kershaw alipewa nishani ya DSO.

Sasa chukua kile kiti cha plastiki, kiweke kati ya kuta mbili za mwili wa ndege, utazame nafasi iliyobaki. Utabaki unajiuliza waliwezaje. Na hapo utaona pia umuhimu wa miguu ya magurudumu kukaa mbalimbali: Hurricane ilivumilia ardhi mbovu kwa sababu miguu yake ilifunguka kwa nje na kusimama kwa upana, wakati ya Spitfire imekaribiana. Ukiunganisha miguu hiyo hakikisha imesimama sawasawa. Ikiinama, umeiondolea ndege sifa iliyowaokoa watu.

Tahadhari moja: ndege nyingi zilizopelekwa nchi za joto na vumbi zilifungwa chujio la hewa la Vokes, lile kama kidevu chini ya pua. Nyingi, si zote. Na baadhi zilikuwa bado za mabawa ya kitambaa. Tafuta picha ya ndege uliyoichagua kabla hujagusa gundi. Stika za Afrika Kusini kwenye seti yangu hazimo.

#5 – Mzee wa Kalibu

FundiFito, kazi nzuri, lakini kwenye kitambaa sikubaliani nawe moja kwa moja.

Picha za wakati ule zinaonyesha fito waziwazi, hata kwa mbali. Jua likiwa chini kila fito ina kivuli chake. Mwanga haupungui kwa skeli: ukichonga 0.05 mm kwa haki ya hesabu, ukapaka rangi tabaka tatu, hutaona kitu, na mtazamaji ataona ndege ya bati tupu. Mchongaji anazidisha kidogo ili jicho lipate kile ambacho jicho lingepata mbele ya ndege halisi. Mimi nimefanya kazi ya kalibu za plastiki miaka mingi, za beseni na ndoo, na hata alama ya chini ya ndoo tunaichonga kwa kina zaidi ya inavyohitajika kwa sababu hiyo hiyo.

Hapo kwenye kupima nakuunga mkono kwa mikono miwili. Mnakumbuka Eduard, kampuni ya seti za ndege ya Jamhuri ya Cheki, mwaka 2014: walitoa Bf 109G-6, ndege ya kivita ya Kijerumani, ya 1/48 yenye michoro ya kupendeza, watu wakaweka rula, wakakuta ndege ni kubwa kuliko skeli iliyoandikwa kwenye sanduku. Kampuni ikakubali kosa, na mwaka 2016 ikaleta kalibu mpya kabisa. Kalibu ya chuma ni gharama kubwa, nasema kama mtu wa kazi hiyo, na kwa uamuzi ule niliwaheshimu.

#6 – FundiFito

Mzee, nakushukuru, na hoja ya kivuli naichukua. Nimerudi kutazama picha nilizo nazo kwa jicho hilo, na ni kweli jua la jioni linazitoa fito nje.

Lakini tazama kinachoonekana kwenye picha hizo. Ni mistari iliyoinuka. Mabonde siyaoni. Kukuza kilele ni jambo moja, kulegeza kitambaa ni jambo jingine. Kama mchongaji angezidisha vilele na kuacha katikati bapa, nisingeinua mdomo. Tena kwenye usukani wa mkia, sanduku hilohilo limefanya sawa kabisa: mbavu zimeinuka, utepe wa juu yake unaonekana, na baina yake pamekazwa. Mkono uliochonga usukani ulijua kuwamba. Ndiyo maana mwili umeniuma.

Niongeze jambo kuhusu kitambaa, maana wengine hudhani kilikuwa umaskini wa ndege. Risasi za mizinga zilizotengenezwa kulipuka zikigusa bati gumu mara nyingine zilipita kitambaani upande huu na kutokea upande wa pili bila kulipuka. Tundu likazibwa kwa kiraka na vanishi palepale uwanjani, na fito iliyovunjika ikaungwa na seremala. Seremala, wakuu! Mwaka 1940 kulikuwa na watu wa ufundi wangu wanaoirudisha ndege ya kivita angani kwa randa na gundi. Nikiona plastiki imefanya kazi yao ionekane imelegea, siwezi kunyamaza.

#7 – Mlima Rubaga

Nawasalimu kutoka Kampala. Hakuna aliyetaja kikosi cha 46, ambacho kilikuja kubeba jina la Uganda, kwa hiyo niweke hapa.

Mwaka 1940 kikosi hicho kilikuwa Bardufoss, kaskazini ya Norway, kwa Hurricane. Walipoamriwa kuondoka wakaambiwa wazichome ndege. Marubani wakakataa, wakaomba wajaribu kutua kwenye manowari ya kubebea ndege, HMS Glorious, ingawa Hurricane zao hazikuwa na ndoano ya kunasia waya wa sitaha na wao wenyewe hawakuwa wamefunzwa. Walifunga mfuko wa mchanga mkiani ili ndege isiangukie pua pale breki zinapokanyagwa. Zote kumi zilitua salama. Siku iliyofuata, tarehe 8 Juni, Glorious ilizamishwa na manowari za Kijerumani Scharnhorst na Gneisenau. Katika marubani wa Hurricane waliokuwemo walipona wawili tu, Cross na Jameson.

Herufi za kikosi zilikuwa PO. Mwenye seti ya mabawa ya bati na stika za herufi mbalimbali anaweza kuitengeneza.

#8 – NyukiTanga

Nimesoma hiyo ya Glorious mara mbili. Kumi zote zimetua, halafu kesho yake.

Fundi, nimeagiza 1/48. Maswali mawili ya mwisho. Duka la rangi za magari hapa mtaani wana thina, naweza kuitumia? Na stika: rafiki yangu zake zimekuwa na weupe unaong'aa kama magamba ya samaki pembeni ya herufi.

#9 – FundiFito

Thina ya magari ni kali, nyingine inakula plastiki hii hadi inakuwa kama nta. Usiimwage kwenye ndege kwa kubahatisha. Zile fremu ambazo vipande vimeshikiliwa usizitupe, ndizo uwanja wako wa majaribio: dondosha tone, subiri dakika kumi, pitisha kucha. Ikinata, rudisha chupa dukani. Rangi za maji za akriliki ni salama zaidi kwa anayeanza, na kwa joto la Tanga zinakauka haraka, hivyo paka sehemu ndogo ndogo.

Ule weupe ni hewa iliyonaswa chini ya stika. Rangi isiyong'aa ina uso wa vinundu, stika inakaa juu ya vinundu na hewa inabaki chini. Paka vanishi ya kung'aa kwanza, iache ikauke usiku kucha, ndipo ulowanishe stika, uitelezeshe mahali pake na kuikandamiza kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Zikikauka, paka vanishi isiyong'aa juu ya kila kitu na rangi itarudi kufifia kama ya vita.

Kwenye sehemu ya fito stika itakataa kushuka mara ya kwanza. Kandamiza kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto, taratibu, fito moja baada ya nyingine, kuanzia kwa rubani kwenda mkiani. Ile duara kubwa ya ubavuni ilinichukua karibu saa nzima kila upande.

Sauti ya Changamwe, ukiipata picha ya ndege uliyoichagua iweke hapa kabla hujaanza, tuhesabu pamoja kama ina chujio au haina.

#10 – Sauti ya Changamwe

Nimeipata moja, fundi. Imepigwa kutoka ubavuni, pua inaonekana yote. Naipandisha jioni nikitoka kazini.